Picha ya Mzee Jeronimo Akicheka

Aida Jeronimo hapendi kuambiwa amekosea, na mimi sijui kunyamaza nikiona kosa. Ndiyo maana urafiki wetu umedumu. Duka lake la kutoa kopi na kuprinti picha liko pale Magomeni ya Mtwara, karibu na nyumba ninayopanga, na kila jioni nikitoka shuleni napita kukaa kwenye benchi lake na kuingilia kazi zisizonihusu. Mimi ni Irene, mwalimu wa darasa la nne, mtu wa Bukoba kwa kuzaliwa. Nilipohamishiwa Mtwara nililia. Leo wakisema wanihamishe tena nitalia zaidi, na sababu mojawapo ni huyu mwanamke.

Ukifika dukani kwake soma ukutani kwanza, salamu baadaye. Ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: PICHA ITUMWE KAMA DOKUMENTI. USIBISHANE. Hayo ya kubishana aliyaongeza kwa ajili yangu.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Kuna bibi harusi mmoja picha yake ilitumwa kwa WhatsApp kama watu wanavyotumiana picha siku zote. Ikapita kwa shangazi, ikapita kwa katibu wa kamati, ikapita kwa mwenyekiti, na kila ilipopita ilichoka zaidi. Ilipofika kwa Aida ikatanuliwa kwenye bango la mlangoni mwa ukumbi, bibi harusi alikuwa na sura ya mjomba wa bwana harusi. Wageni walicheka, mama wa binti alilia, na Aida akaapa. Tangu siku hiyo ukitaka akuprintie kitu, unabonyeza ile alama ya klipu kwenye simu, unachagua dokumenti, na picha inafika nzima kama ilivyotoka kwenye kamera. Na sisemi uongo, mabango yake yanang'aa. Mji umeshazoea. Hata wanafunzi wangu wanajua kwamba kwa dada Aida ni dokumenti, ukibishana anakurudisha kwenu.

Kazi yenyewe aliianza zamani, enzi za filamu, kwa fundi picha mmoja aliyekuwa na chumba chenye pazia la bluu na kiti cha mfalme. Aida alikuwa binti mgeni kutoka kijiji cha Kitaya, hajui mtu mjini, Kiswahili chake kimejaa Kimakonde, na kazi yake ilikuwa kuwapaka wateja poda wasing'ae usoni. Alijifunza mengine kwa kuchungulia. Fundi alipozeeka akamwachia kamera, pazia akaliacha Aida mwenyewe kwa sababu lilikuwa limeoza. Leo ana laptopu, mashine mbili za kuprinti, na mdomo ambao haujawahi kupumzika.

Wazazi wake wako bado Kitaya, kwenye mihogo na mikorosho yao karibu na mto Ruvuma. Baba, Mzee Jeronimo, na mama, Bibi Ilda, wote walizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Walivuka Ruvuma wakiwa vijana, kwa sababu ya vita, na wakafunga ndoa upande huu hata hawajapata pa kulala. Padri alikuwepo. Mashahidi walikuwepo. Gauni lilikuwa la kuazima na lilirudishwa siku ileile. Kamera haikuwepo, nani angekuwa na kamera?

Sasa Bibi Ilda ana jambo lake moja. Maisha yake yote ya ndoa watu wamemwonea huruma, kwa sababu Mzee Jeronimo hacheki. Mkali si mkali, hapigi mtu, hatukani mtu. Amekauka tu. Ukimsimulia kichekesho anakutazama kwa heshima akisubiri ufike kwenye habari yenyewe. Wajukuu wakienda likizo Kitaya wanamsalimia kisha wanahamia jikoni kwa bibi yao. Wakwe wakimtembelea wanakaa wima. Na Bibi Ilda kila mwaka anawaambia wote, "Huyu akiwa na mimi anacheka mpaka anashika mbavu." Wajukuu wanaguna. Wakwe wanaguna. Mimi mwenyewe niliguna.

Mwaka huu ndoa yao ilitimiza miaka hamsini, na kwa kuwa watoto wengi wako mjini, ikaamuliwa jubilei ifanyike hapa Mtwara. Kamati ikaundwa. Sikualikwa, nilijiingiza. Mwezi mmoja kabla ya sherehe, Ivo, mtoto wa kaka yake Aida, ambaye ni baharia wa meli za mizigo, alikwenda Kitaya kuwaaga babu na bibi. Ivo alikuwa na aifoni. Akawasimamisha wazee nje ya jiko, bega kwa bega, akabonyeza. Na hapohapo, bila Ivo kujua kwa nini, Mzee Jeronimo akanaswa anacheka.

Bibi Ilda aliiona ile picha kwenye kioo cha simu ya mjukuu. Siku hiyohiyo alimpigia Aida.

"Mwanangu, ushahidi umepatikana."

Hakutaka keki wala kitenge kipya. Alitaka picha ile tu, kubwa, kwenye fremu, isimamishwe mbele ukumbini kila mtu aione. "Nimeolewa na mtu anayecheka," alisema. "Nataka waone wenyewe nikiwa hai."

Ivo ni kijana mwenye adabu, na sheria ya shangazi yake anaijua. Akaituma kama dokumenti. Aida akaona faili limeingia, akajibu kwa kidole gumba, akaendelea na kazi zake. Hakulifungua. Alilifungulia nini? Dokumenti ni dokumenti. Ivo akafika Dar, akaipeleka simu yake Kariakoo, akaongeza hela kidogo akachukua nyingine, ile ya zamani ikafutwa kila kitu, naye akapanda meli.

Jubilei ilikuwa Jumapili. Ijumaa jioni nilifika dukani nikamkuta Aida ameinamia laptopu kimya. Aida kimya si kitu cha kawaida. Nikadhani kuna msiba.

"Haifunguki," alisema.

"Nini haifunguki?"

"Ya wazee."

Nilisogea. Kwenye kioo kulikuwa na kikaratasi cheupe kisicho na picha yoyote, na chini yake maneno kwamba faili hili halijulikani. Akajaribu kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichofungwa kwa selotepu. Haijulikani. Akanirushia mimi. Simu yangu nayo ikazunguka, ikazunguka, ikasema haijui. Tukampigia Ivo, hapatikani. Tukamwandikia, ujumbe ukakaa na tiki moja. Alikuwa baharini huko, hata mnara wa simu hauonekani.

Mimi ni mwalimu, jicho langu linatafuta makosa hata likiwa limechoka. Nikaona kwamba mafaili yake mengine yote yanaishia na jpg, hili peke yake linaishia na heic.

"Tatizo ni jina," nikasema. "Futa hiyo heic, andika jpg."

Akafuta, akaandika. Kale kakaratasi kakageuka, kakawa na alama ya picha. Tulishikana mikono. Kisha akabofya, na mashine ikasema faili limeharibika. Ilikuwa sawa na kuandika sukari kwenye kopo la chumvi. Aida alinikata jicho kana kwamba mimi ndiye niliyeiua picha yenyewe.

"Limeharibika," alirudia. "Limeharibikia njiani. Nitamwambia nini mama?"

Na mama alikuwa hapo hapo mjini. Wazee walikuwa wamefika mchana kutoka Kitaya, wamefikia kwa Aida, na swali la kwanza la Bibi Ilda aliposhusha mzigo lilikuwa, "Iko wapi?" Aida akamwambia iko kwenye mashine. Haukuwa uongo.

Jumamosi asubuhi tulijaribu njia ya pili. Tutapiga nyingine. Ukiwa na kamera na mzee mwenyewe yupo, unalia nini? Tukamtoa Mzee Jeronimo uani, tukamweka na mkewe kwenye mwanga mzuri. Mzee akavuta shati, akabana mikono ubavuni, akaikazia macho kamera kama anapigwa ya kitambulisho.

"Baba, cheka kidogo," Aida akasema.

"Nicheke nini?"

"Chochote."

Mzee akafikiri. Akafikiri kwa dhati, maskini, alitaka kutusaidia. Kisha akasema hakuna kitu anachokiona hapo cha kuchekesha. Mimi nikamsimulia habari ya mwanafunzi wangu aliyeandika kwenye mtihani kwamba mnyama anayetupatia maziwa ni muuza duka. Darasa zima lilicheka, walimu walicheka, afisa elimu alicheka. Mzee Jeronimo alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo mtoto, alipewa maksi?"

Aida alipiga picha nyingi, zote Mzee ana sura ya mtu anayesubiri hukumu. Bibi Ilda alikuwa amesimama pembeni yake, anatutazama mimi na Aida kwa zamu. Si mtu wa kudanganywa yule.

"Ile nyingine imepotea," alisema. Hakuuliza, alisema.

Aida akainamisha kichwa. Nilitegemea Bibi atalalamika. Angelalamika ningejua la kujibu. Alikunja tu khanga yake begani, akaisawazisha, akasema polepole, "Basi. Watasema niliota." Akaingia ndani kumenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya chakula cha mchana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilitaka kulia, na Aida alikuwa analia kweli, huku anajifanya anafuta kioo cha kamera.

Jioni kulikuwa na mazoezi ya kwaya kwa ajili ya misa ya kesho. Mimi naimba sauti ya pili. Nyuma yangu anasimama Frank, mtu wa Mbeya anayefanya kazi bandarini, sauti ya nne, na hana dogo kwenye maringo. Frank ana aifoni. Hujaulizwa lakini utajua, kwa sababu anailaza kwenye benchi kifudifudi ili lile tufaa la mgongoni lionekane, hata wakati wa sala. Tulishamcheka mpaka tukachoka. Jioni ile nililiona lile tufaa na kitu kikanigonga kichwani. Ivo alikuwa na simu ya namna hii hii.

Nilimshika Frank mkono katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya akanitazama vibaya, sikumjali. Nikamkokota mpaka Magomeni, kwa Aida, ambaye alikuwa ameshafunga mlango mmoja wa duka.

"Mtumie faili," nikasema.

"Nimtumie maiti?"

"Aida, usinichoshe. Tuma."

Akatuma. Simu ya Frank ikalia. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa madaha, na pale kwenye kioo wakatokea. Bibi Ilda na kilemba chake. Na Mzee Jeronimo mdomo wazi, macho yamefumba, kichwa kimerudi nyuma, mkono mmoja umeshika mbavu. Mbavu, jamani, kama alivyosema mkewe miaka yote. Aida alikaa chini kwenye sakafu.

"Haijaharibika," Frank akasema. "Ni mtindo tu. Hizi simu zetu zinaibana picha kwa namna yake, zisijaze nafasi. Mashine ambayo haijafundishwa namna hiyo haiwezi kuikunjua. Mkwe wangu kila siku ananiambia picha zangu mbovu, kumbe simu yake ndiyo haizielewi."

"Vizuri," Aida akasema, amesimama tayari, ameshafuta machozi, kazi ni kazi. "Nirudishie upesi. Kama dokumenti."

Frank akairudisha. Aida akaifungua kwenye laptopu. Kikaratasi cheupe. Halijulikani.

"Rudia," akasema.

Frank akarudia. Kikaratasi cheupe.

"Umeituma kama dokumenti lakini?"

"Kama dokumenti."

"Rudia tena, labda mtandao."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilikuwa na njaa, nimekimbia mazoezi, na kesho yake asubuhi tuna misa. Nikamgeuza Aida kwa mabega nikamwonyesha ukuta wake.

"Hiyo sheria yako ndiyo inayotuua," nikamwambia. "Dokumenti haiguswi, si ndivyo unavyosema? Haiguswi, kwa hiyo inarudi vilevile ilivyobanwa. Mwache mtu aiguse."

Frank akakohoa. "Anachosema mwalimu ni kweli. Nikiihifadhi kwenye picha zangu halafu nikaituma kama picha, WhatsApp yenyewe itaigeuza iwe jpg. Hiyo hata mashine ya babu yako inafungua. Nitachagua ile ya ubora wa juu, isichoke sana."

Aida aliangalia ukuta. Nikajua anamwona yule bibi harusi mwenye sura ya mjomba, na sasa anamwona baba yake kwenye fremu hana macho. Kwake kutuma picha kama picha ilikuwa kama kumwambia fundi cherehani akate kitambaa bila kupima. Akasogeza kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Tuma," akasema. "Ikija na ukungu nitawafukuza wote wawili."

Ikaja. Ikafunguka kabla hajamaliza kubofya. Aliivuta karibu, akakagua meno ya baba yake, akakagua maua ya kilemba cha mama yake, akakagua mpaka masizi ya ukuta wa jiko. Alichosema ni, "Imepungua kidogo kwenye majani kule nyuma." Kwa Aida hiyo ni sawa na kushukuru. Frank akamwelekeza kwamba kwenye simu ile kuna mahali pa kuchagua ipige jpg tangu mwanzo, akamwahidi atabadilisha ya kwake. Mashine ikaanza kuprinti, na sisi watatu tukasimama tunaangalia karatasi inavyotoka, kwanza kilemba, kisha paji la uso la Mzee, kisha kicheko.

Hatukumwambia Bibi. Jumapili baada ya misa watu waliingia ukumbini, wakala, wakahutubiwa zaidi ya walivyoomba. Kisha Aida akatoa kitambaa kilichofunika fremu.

Watu walikaza macho kwanza. Nadhani walidhani ni mtu mwingine. Halafu mjukuu mmoja akasema kwa sauti, "Babu ana meno," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakwe walisimama kuangalia kwa karibu. Watu wazima walirudi mara mbili, mara tatu, wanaangalia picha, wanamwangalia Mzee, wanaangalia picha. Bibi Ilda hakusogea kwenye kiti chake. Alikuwa ameishika fimbo ya mumewe magotini, anatikisa kichwa kwa wote, mmoja mmoja, anawaambia tu, "Mmeona? Mmeona sasa?" Sijawahi kumwona mtu amefurahi kwa kiasi kile, na mimi nimeshaona matokeo ya darasa la saba.

Mmoja wa wakwe akamuuliza Mzee alikuwa anacheka nini siku ile. Mzee akatazama sahani yake, akasema muulizeni huyu.

Bibi Ilda akajifuta mdomo kwa pembe ya khanga.

"Ivo alituambia tusimame karibu karibu," alisema. "Nikamnong'oneza huyu, nikamwambia, Jeronimo, nyoosha shingo, mpiga picha wa harusi amefika. Amechelewa, lakini amefika."

Na pale pale, mbele ya watu wote, Mzee Jeronimo alianza tena. Alianza kimya, mabega tu, kisha kichwa kikarudi nyuma, kisha mkono ukaenda mbavuni. Frank aliichomoa simu yake. Nikamwona anabonyeza, na Aida kutoka upande wa pili wa ukumbi anamfokea kwa ishara, ameibadilisha ile namna ya kupiga au bado?

Wazee walirudi Kitaya Jumatano. Kabla ya kuondoka Mzee alipita dukani peke yake, mimi nikiwa kwenye benchi. Alisimama mbele ya ule ukuta akausoma. Aida ameongeza mstari mmoja chini, kwa rangi ileile: KAMA NI AIFONI, NIULIZE KWANZA. Mzee akatoa simu yake mfukoni, kitochi cha vitufe ambacho mwanga wake ndio tochi ya nyumba nzima, akamwekea bintiye mezani.

"Na mimi nitumie ile," akasema.

Aida akaniangalia. Kitochi kile hakijui heic, hakijui jpg, hakijui picha ya namna yoyote. Nilidhani atamweleza. Hakumweleza. Aliiprinti ndogo, ya ukubwa wa pasipoti, akaikata kwa mkasi pembe zote, akafungua mfuniko wa nyuma wa simu, akailaza juu ya betri na kufunga. Mzee akafungua, akaangalia, akafunga. Akasema imefika.

Siku hizi ukimpigia Mzee Jeronimo mchana unaambiwa hapatikani. Mwanzo Aida alikuwa anaingiwa na wasiwasi, anampigia mama yake kuuliza kama kuna ugonjwa. Ugonjwa hakuna. Bibi Ilda anasema mzee akipumzika shambani anafungua mfuniko kuangalia, na kila akifungua betri inadondoka.